Diriye Avuka Tena Namanga

Kila asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, Diriye alifungua ghala lake la ngozi karibu na soko la mifugo la Garissa. Alifagia sakafu. Alipanga ngozi za mbuzi upande mmoja na za ng'ombe upande mwingine, kisha akazitia chumvi. Harufu ya ghala ilikuwa kali, lakini pua yake ilikuwa imeizoea.

Mkewe, Rukiyo, alikaa nje ya ghala juu ya mkeka, chini ya turubai. Yeye aliuza ubani. Alipakata ungo, akachagua madonge makubwa meupe, akatenga ya manjano, akapeperusha vumbi na maganda. Ubani huo ulitoka pande za Wajir. Aliyemletea alikuwa Mamo, mfugaji wa Eldas, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Nyumbani kwake Mamo alizungumza Kiborana. Akifika Garissa alizungumza Kiswahili chake cha sokoni, na kila mtu alimwelewa.

Mwaka huo ulikuwa 1999. Mvua ilikuwa haba. Mifugo ilikonda, na ngozi nzuri hazikupatikana. Familia ilikula kwa ubani wa Rukiyo. Tatizo lilikuwa moja: mjini palikuwa na mnunuzi mmoja tu wa ubani, naye alijua kwamba yuko peke yake.

"Leo amesemaje?" Diriye alimwuliza mkewe.

"Yaleyale," Rukiyo akajibu. "Ubani uliochaguliwa na usiochaguliwa, kwake ni bei moja. Mgongo unaniuma bure. Nikilalamika ananiambia, 'Mama, peleka kwingine.' Kwingine ni wapi, Aabe Farhiya?"

Hivyo ndivyo alivyomwita mumewe, baba wa Farhiya, kwa jina la binti yao mkubwa aliyeolewa Wajir.

Diriye alirudi ndani kwenye ngozi zake.

Siku chache baadaye aliitwa kwenye duka lenye simu. Dada yake, Habibo, alikuwa anapiga kutoka Arusha, Tanzania. Habibo aliolewa huko akiwa msichana. Diriye alishika simu kwa mikono miwili.

"Walaal, ndugu yangu," sauti ya Habibo ilisema, "nasikia ubani huko unauzwa kama kuni."

"Ni kweli."

"Basi huku watu wanautafuta. Mtoto akizaliwa, ubani. Harusi, ubani. Ijumaa, ubani. Na ule mweupe wa Wajir hatuupati. Uleteni."

"Tutaona."

"Uleteni wenyewe, Diriye. Wewe na Rukiyo. Mimi nimezeeka. Ukinikuta njiani hutanijua."

Diriye aligeukia ukuta. Watu dukani walimtazama.

"Laini si nzuri," akasema mwishowe, ingawa alimsikia vizuri sana. "Salamu kwa watoto."

Aliporudi, alimweleza Rukiyo habari za ubani. Uso wa Rukiyo ulichangamka.

"Twende!" akasema.

"Ubani uende," Diriye akajibu. "Mimi siendi. Mguu wangu haukanyagi tena nchi ile."

Rukiyo alijua sababu. Mtaa mzima uliijua.

Diriye alipokuwa kijana, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Reli ilikuwa moja, posta moja, ndege za shirika moja. Diriye aliuza ngamia wa marehemu baba yake, akanunua lori. Alipakia mablanketi na sabuni Nairobi, akapeleka Arusha, akarudi na maharagwe na vitunguu. Njia hiyo aliijua kama kiganja chake. Alikuwa na chumba chake katika nyumba ya Habibo.

Asubuhi moja ya Februari mwaka 1977 aliamka Arusha akasikia watu wakisema mpaka umefungwa. Alidhani ni uvumi. Alikwenda kuwasha lori, akakuta askari wamelizunguka. Magari yote ya Kenya yalizuiliwa. Mwaka huohuo Jumuiya ikafa. Diriye alirudi Kenya kwa miguu, kupitia porini pamoja na wachungaji. Alifika akiwa na kikoi na viatu tu.

Lori halikurudi. Miaka miwili baadaye mama yao akafariki. Mpaka ulikuwa bado umefungwa. Habibo alipata habari baada ya mama kuzikwa, naye hakuweza kuja kulia na wenzake. Mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983, Diriye alikuwa amekwisha kuapa kwamba hatakanyaga tena Tanzania. Naye Habibo alikuwa na watoto wadogo na mume mgonjwa. Mwaka ukafuata mwaka. Ndugu hao wawili walibaki kupelekeana salamu na wasafiri.

Basi Rukiyo akaamua kutafuta njia yake. Alimpa dereva mmoja gunia la ubani bora alipeleke kwa Habibo, Arusha. Dereva alisema ana marafiki wanaopita porini, mbali na forodha. "Hakuna ushuru, hakuna maswali," alisema.

Wiki zikapita. Dereva alipoonekana tena mjini, hakutaka kumtazama Rukiyo usoni.

"Mama, tulikutana na askari wa doria," akasema. "Wenzangu walikimbia. Mzigo ulibaki."

Rukiyo alirudi nyumbani akakaa chini. Hakulia. Alikunja ushungi wake mapajani, akaukunjua, akaukunja tena. Diriye alimwona, na moyo wake ukajaa hasira. "Unaona?" alisema. "Nchi ile imekula lori langu. Sasa imekula ubani wako."

Wakati huo Saynab alikuwa anabisha mlangoni. Saynab alikuwa jirani yao, mwalimu wa ngumbaru, yaani elimu ya watu wazima. Rukiyo alikuwa mwanafunzi wake, na alikuwa ameanza kusoma bila kufuata mstari kwa kidole.

"Assalaam aleikum. Habari ya gunia nimeisikia," Saynab akasema. "Pole, eddo, shangazi yangu."

"Pole haitoshi," Diriye akasema. "Mwambie Tanzania irudishe ubani."

"Adeer, ami yangu, nikuulize, lile gunia lilipita mpakani Namanga?"

"Halikupita."

"Lilipita porini. Huku kwetu pia, mtu akipitisha mzigo porini, serikali itauchukua. Tanzania haikumkosea eddo. Aliyemkosea ni yule aliyemwambia hakuna ushuru wala maswali."

Rukiyo akainua kichwa. "Kwani kuna njia nyingine kwa mtu kama mimi? Mimi si kampuni."

"Ipo," Saynab akasema. "Unakwenda ofisi ya kilimo hapa Garissa. Wanaukagua ubani wako, wanakupa karatasi inayosema ni safi. Unapata na hati inayoonyesha kwamba umetoka Kenya. Ukifika Namanga hujifichi. Unautangaza mzigo forodhani, unalipa ushuru unaotakiwa, unadai risiti. Ukiwa na risiti, mzigo ni wako mbele ya askari yeyote."

"Ushuru utakula faida yote," Diriye akadakia.

"Utakula kiasi. Porini faida yote imeliwa, na gunia pia." Saynab akatabasamu kidogo. "Halafu, adeer, iko habari nyingine. Nchi zetu tatu zinafikiria kurudisha Jumuiya."

Diriye aligeuka kama mtu aliyeguswa na makaa. "Kurudisha nini?"

"Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miaka kadhaa sasa wanazungumza, na ofisi wamefungua palepale Arusha. Rasimu ya mkataba, yaani mapendekezo ambayo bado hayajatiwa sahihi, imetolewa ili wananchi waseme. Kesho alasiri tutaijadili darasani. Mwenye maoni aseme, nami nitayaandika niyapeleke kwa mkuu wa wilaya. Njoo, adeer. Hapa mtaani nani anaijua Jumuiya kukushinda wewe?"

"Nitakuja," Diriye akasema. "Nitakuja kuwaambia wasithubutu."

Darasa la ngumbaru lilifanyika katika shule ya msingi, watoto wakishakwenda nyumbani. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Walikuwepo wauza maziwa, wauza miraa, mafundi na wachuuzi wa nguo. Mamo alikuwa mjini kwa ajili ya ubani, akaja pia. Alikataa dawati, akasimama mlangoni.

Saynab aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: TURUDI AU TUSIRUDI? Rukiyo aliyasoma maneno hayo kwa sauti, polepole, bila kukosea.

Diriye alisimama wa kwanza. Alisimulia yote: ngamia wa baba, lori, asubuhi ile, askari, kikoi na viatu. Aliposema jinsi mama yao alivyozikwa bila Habibo, sauti yake ilikatika. Wanawake waliinamisha vichwa.

"Sasa mnaniambia turudi," akasema. "Mtu akikuunguza na chai yake, utaomba kikombe kingine? Wakubwa wakigombana tena, mpaka utafungwa tena. Wao wana ndege zao. Mimi nitabaki upande gani?"

Watu wakanong'ona. Mwuza nguo mmoja akasema, "Mzee amesema kweli. Tukae kwetu."

"Na ukikaa kwako utamwuzia nani?" Rukiyo akauliza kutoka nyuma. "Mimi nimekaa kwangu. Nina mnunuzi mmoja, na bei anapanga yeye."

"Mwalimu," mwuza maziwa akauliza, "kwa nini Jumuiya ile ilikufa? Tuanze hapo."

Saynab aliweka chaki chini. "Sababu zilikuwa nyingi. Viongozi hawakuelewana. Kenya ilikuwa na viwanda vingi kuliko wenzake, nao wakaona faida inakuja kwetu na hasara inabaki kwao. Na wananchi hawakuulizwa sana. Ilipovunjika, kuna watu Nairobi waliofurahi. Lazima tuseme na hilo. Hatukuonewa tu, sisi pia tulikosea."

Diriye hakulipenda neno hilo, lakini hakulipinga. Alikumbuka wafanyabiashara wa Arusha wakimwambia, "Nyinyi mnaleta sabuni kila siku. Sabuni yetu tumwuzie nani?" Wakati ule alicheka tu.

Mamo akakohoa mlangoni. Watu wakageuka, maana si kawaida yake kusema mbele ya watu.

"Kwetu kisima ilikuwa moja," akasema. "Jamaa mbili nachota. Siku moja nagombana, kwa sababu jamaa moja ng'ombe yake ni mingi, inamaliza maji. Ile ingine ikatoka, ikachimba yake. Maji ikawa chumvi. Huku kwa kisima kubwa nako watu imekuwa chache, udongo inaanguka, hakuna mkono ya kutoa. Ng'ombe ya pande zote ikakufa. Sasa narudi. Lakini hakurudi bure tu. Nakaa chini kwanza: nani nakunywesha leo, nani kesho, nani natoa udongo, na mtu akifunja zamu afanywe nini. Sasa kisima nakaa."

"Kisima hakina askari, Mamo," Diriye akasema.

"Iko wazee. Wazee ni kali kuliko askari."

Darasa likacheka, hata Diriye akatikisa kichwa. Lakini akarudi kwenye jambo lake. "Mwalimu, nijibu moja. Jumuiya ikirudi, nani atanipa lori langu?"

Saynab angeweza kusema maneno matamu. Hakusema.

"Hakuna, adeer. Sitakudanganya. Lori limekwenda, na hakuna mkataba utakaolirudisha."

Diriye alimtazama mwalimu huyo kwa muda. Miaka yote watu walimwambia, "Inshallah utalipwa," nao walijua hatalipwa. Huyu alikuwa wa kwanza kumwambia kweli. Ajabu ni kwamba neno lile gumu lilimpa nafuu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Haya," akasema kwa sauti ya chini. "Na mpaka je? Safari hii wakigombana?"

Saynab alifungua karatasi zake. "Rasimu inasema kutakuwa na mahakama ya Jumuiya. Nchi zikikosana, kesi iende huko. Tena ushuru utapunguzwa polepole, ili nchi yenye viwanda vichache isimezwe. Na nchi inayotaka kutoka," alipitisha kidole chini ya mstari, "sharti itoe taarifa, kisha ingoje mwaka mmoja."

"Soma tena hapo."

Akasoma tena.

"Mwaka mmoja?" Diriye akauliza.

"Mwaka mmoja, adeer."

Diriye akakaa kwenye dawati lile dogo. "Mimi sikupewa hata asubuhi moja," akasema.

Alikaa akiangalia mikono yake. Wengine waliendelea kusema. Kulikuwa na waliotaka Jumuiya na waliokuwa na shaka. Mwuza miraa alitaka kujua kama Wasomali wa Kenya watasumbuliwa vitambulisho Namanga kama wanavyosumbuliwa kwenye kizuizi cha polisi cha daraja la Tana, na watu wakaguna wote pamoja. Saynab aliandika hilo pia.

Mwishowe akauliza, "Adeer Diriye, niandike nini kwa jina lako? Niandike hapana?"

Rukiyo aligeuka kumtazama mumewe.

"Andika hivi," Diriye akasema. "Nchi irudi. Lakini wakubwa wakigombana, mpaka usifungwe juu ya mtu aliye safarini. Mtu apewe muda wa kufika kwao. Na ndugu akifiwa, apite azike, hata kama nchi zina vita ya maneno. Andika hilo la kuzika kwa herufi kubwa."

Saynab akaandika. Watu walipotoka, mwuza nguo alimpa Diriye mkono.

Njiani Rukiyo alisema, "Umesema nchi irudi. Na wewe je?"

Diriye alitembea hatua kadhaa. "Kama nimeiambia nchi, na mimi sina budi kurudi," akajibu.

Mwaka huo nchi tatu zilianza kutoa pasi ya Afrika Mashariki, kwa wananchi wanaosafiri Kenya, Uganda na Tanzania. Diriye na Rukiyo walichukua vitambulisho vyao na picha, wakapanda basi kwenda Nairobi. Katika ofisi ya uhamiaji, Diriye alifika dirishani, akanyoosha mgongo.

"Nataka basi ya Afrika Mashariki," akasema.

Karani alimwangalia kwa upole. "Mzee, mabasi yako kule mjini, River Road."

"Si basi ya gari. Basi ya kufuka mbaka!"

Rukiyo alicheka mpaka akaziba mdomo kwa ushungi. "Anataka pasi," akamwambia karani. "Sisi ni wa Garissa. P yetu ilibaki jangwani." Karani akacheka, Diriye naye akacheka, na kazi ikaanza.

Pasi zilipotoka, walifanya kila kitu kama Saynab alivyoeleza. Ofisi ya kilimo iliukagua ubani na kutoa karatasi. Walipata hati ya kuonyesha unatoka Kenya. Mamo alikuwa amewaletea ubani mpya, mweupe kama maziwa, na Rukiyo aliuchagua mwenyewe, donge kwa donge.

Walifika Namanga mchana. Jua lilikuwa kali na malori yalijipanga barabarani. Diriye alishuka kwenye basi, akaona kile kizuizi cha chuma, na miguu yake ikakataa. Aliona tena askari wamezunguka lori lake. Alisikia tena kelele za asubuhi ile.

"Tangulia," akamwambia mkewe.

Rukiyo hakumvuta wala hakumhimiza. Alisimama karibu naye, akaanza kusoma vibao kwa sauti, kama alivyozoea siku hizi. "U-ha-mia-ji. Uhamiaji. Fo-ro-dha. Forodha. Cho-o." Akageuka. "Ni ofisi tu, Aabe Farhiya. Na choo."

Diriye alicheka bila kutaka. Kicheko hicho ndicho kilichoisogeza miguu yake.

Upande wa Tanzania alikaa afisa kijana. Alipomwona Diriye, alisema, "Shikamoo, babu."

Garissa hakuna anayemwamkia mtu hivyo. Diriye alisahau jibu lake, ingawa zamani alilijua. "Wa aleikum salaam," akasema.

Afisa akatabasamu, akatazama pasi, akagonga muhuri. "Mara yako ya kwanza Tanzania?"

"Hapana. Nilikuja zamani."

"Basi karibu tena."

Forodhani waliufungua mzigo, wakasoma karatasi, wakataja ushuru. Rukiyo alilipa, kisha akasimama palepale dirishani.

"Kuna nini, mama?" afisa akauliza.

"Risiti."

"Ndiyo naiandika, mama." Akampa. Rukiyo aliisoma yote, mstari kwa mstari, watu nyuma yake wakisubiri. Kisha akaikunja akaiweka ndani ya nguo, karibu na moyo.

Diriye alirudi kwa yule afisa kijana. "Kijana, nikitaka kurudi kesho, mlango utakuwa wazi?"

Afisa alishangaa. "Kesho, keshokutwa, hata sasa hivi, babu. Utagongewa muhuri tu."

Diriye aliketi kwenye basi, akaegemeza kichwa dirishani. Alishusha pumzi ndefu, na Rukiyo akasikia jinsi ilivyotoka, kama mtu aliyekuwa ameishikilia tangu ujana. Alilala usingizi mpaka Arusha.

Habibo alikuwa amesimama kituoni. Kweli, Diriye asingemjua. Alimwacha msichana mwembamba, akakuta mama mnene mwenye nywele zilizopakwa hina ili kuficha mvi. Lakini Habibo alimjua mara moja. Alimshika ndevu zake nyeupe kwa mikono miwili.

"Nani amekumwagia unga?" akauliza.

Diriye alitaka kucheka, akalia. Walilia wote wawili katikati ya mizigo ya watu, na wapagazi wakawazunguka kwa heshima. Baadaye walikaa ndani, wakamsomea mama yao dua, wakizungumza Kisomali. Kisomali cha Habibo kilikuwa kimechanganyika na Kiswahili kitamu cha Arusha, na Diriye alimtania kwa hilo.

Ubani haukukaa. Habibo aliwaita wanawake wa mtaa, na wao wakawaita wenzao wa Moshi. Mwanamke mmoja alichukua donge jeupe, akalichoma kwenye chetezo palepale. Moshi ulipopanda, alifumba macho. "Huu ndio," akasema. "Huu nitalipia zaidi ya ule wa manjano." Rukiyo alimtazama mumewe kwa fahari. Hatimaye alipatikana mtu aliyeona kazi ya mgongo wake.

Walikaa Arusha wiki nzima. Siku ya kurudi, Diriye alikumbuka kwamba hakumwuliza mtu yeyote habari za lori. Alijiuliza kama aulize. Kisha akaona hana haja, akaenda kumsaidia Habibo kufunga zawadi.

Walirudi Kenya kwa njia ileile, kwa muhuri uleule. Rukiyo alimweleza Saynab kila kitu, na Saynab akamwomba awaeleze wengine darasani. Wanawake wauza ubani wa Garissa wakaungana. Wakawa wanachagua pamoja, wanachukua karatasi pamoja, na kumtuma mmoja wao Arusha kwa zamu. Ushuru bado ulikuwepo, na wengine waliunung'unikia. Saynab aliwaambia Jumuiya si dawa ya siku moja, na kwamba risiti zao ziwekwe vizuri. Yule mnunuzi wa mjini alipoona hivyo, alikuja mwenyewe kwenye mkeka wa Rukiyo. "Mama, mweupe nitakupandishia bei," akasema. Rukiyo akamwambia angoje foleni.

Tarehe thelathini Novemba, redio ilitangaza kwamba marais watatu wametia sahihi mkataba wa Jumuiya mpya huko Arusha. Ghala la Diriye lilijaa watu waliokuja kusikiliza. Yule mwuza nguo akauliza, "Mzee, sasa unasemaje? Itadumu?"

"Sijui," Diriye akajibu. "Nchi ni watu. Watu wakiichunga, itadumu. Mimi nimerudi, na sijutii."

Habibo alikuja Garissa wakati wa Ramadhani, kwa pasi yake mwenyewe. Alifuturu nyumbani kwa kaka yake, akazuru kaburi la mama yao, akagombana na kila mtu kuhusu jinsi ya kupika sambusa. Idd ilipokwisha, Diriye na Rukiyo walimsindikiza kwenye basi.

Kijana wa basi alikuwa anapiga kelele. Habibo alikuwa bado anabishana na Rukiyo kuhusu mfuko upi uwekwe juu ya basi na upi apakate. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeshikwa mkono kwa nguvu.

"Umesahau kunipa ile hina uliyoniahidi," Habibo akasema dirishani.

"Nitakuletea nikija," Diriye akasema.

"Lini?"

"Kazi ya ngozi ikipungua. Mwezi ujao, au ule mwingine."

"Haya," Habibo akasema, akafunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Basi likaondoka kuelekea darajani.

Rukiyo alimtazama mumewe. Diriye alikuwa anatazama upande mwingine, kwenye mkokoteni wa punda uliokuwa unaleta ngozi.

"Twende," akasema. "Hizo zisipotiwa chumvi sasa hivi, zitaoza."